Wasomaji Wanauliza: Namba Zinazogawanyika kwa Jumla ya Tarakimu Zake

Katika toleo lililopita niligusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba 2025 inagawanyika bila baki kwa jumla ya tarakimu zake, kwa kuwa 2 + 0 + 2 + 5 ni 9 na 2025 ukiigawanya kwa 9 unapata 225, na kwamba wanahisabati huziita namba za aina hiyo namba za Harshad. Mstari huo umeleta barua nyingi, nami nimeamua safu yote ya mara hii iwe ya jambo hilo moja. Barua nimezipanga kwa namna ambayo jibu la kwanza linabeba yanayofuata, kwa hiyo namwomba msomaji asiiruke barua ya mwanafunzi wa Wete kwa sababu tu ni fupi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma darasa la sita. Tumefundishwa kwamba ukitaka kujua kama namba inagawanyika kwa 9, jumlisha tarakimu zake, na jumla ikigawanyika kwa 9 basi na namba yenyewe inagawanyika. Nilimwuliza mwalimu wetu kwa nini haiwi hivyo kwa 7, akasema nikuandikie wewe. (Mwanafunzi, Wete, Pemba)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo watu wazima wengi wameitumia kanuni hiyo maisha yao yote bila kuliuliza.

Chukua maembe 352 uyapange chini katika mafungu ya tisa tisa, kama wafanyavyo wauzaji sokoni. Usianze kuhesabu moja moja. Anza na mamia. Kila maembe mia moja yanatoa mafungu 11 na embe moja linabaki, kwa sababu 11 mara 9 ni 99. Kila maembe kumi yanatoa fungu moja na embe moja linabaki. Basi mamia matatu yamebakisha maembe 3, makumi matano yamebakisha maembe 5, na yale 2 ya mwisho hayakutosha fungu tangu mwanzo. Yaliyobaki nje ya mafungu ni 3 na 5 na 2, na hizo ndizo tarakimu zile zile ulizoandika ulipoandika 352. Jumla yake ni 10. Humo unapata fungu moja zaidi na embe moja linabaki, kwa hiyo 352 ukiigawanya kwa 9 inabakisha 1. Ungekuwa na maelfu, nayo yangefanya vivyo hivyo, maana 999 ni mafungu 111 kamili na linabaki moja.

Kwa hiyo liko jambo moja ambalo nataka wewe na wasomaji wengine mlishike, kwa sababu tutalitumia hadi mwisho wa ukurasa huu: ukichukua namba yoyote na kuitoa jumla ya tarakimu zake, kinachobaki daima ni kigawe cha 9. Hapa 352 toa 10 ni 342, yaani mafungu 38 kamili. Kwa kuwa kila fungu la tisa ni mafungu matatu ya tatu tatu, kanuni hiyo inafaa kwa 3 pia.

Sasa jaribu mafungu ya saba saba. Maembe kumi yanabakisha 3, siyo 1. Maembe mia moja yanabakisha 2. Maembe elfu moja yanabakisha 6. Kila nafasi ina baki lake, kwa hiyo huwezi kujumlisha tarakimu kana kwamba zote zina uzito mmoja. Inakubidi uzidishe kila tarakimu kwa baki la nafasi yake kwanza. Kwa 352 utapata 3 mara 2, jumlisha 5 mara 3, jumlisha 2, ambayo ni 23, na 23 kwa 7 inabakisha 2. Gawanya 352 kwa 7 uone kama baki si hilo hilo. Kanuni ya 7 ipo, mwanangu, ila inachosha kuliko kugawanya moja kwa moja, ndiyo maana hamkufundishwa.

SWALI: Mwalimu, baada ya kusoma habari za 2025 nilirudi nyuma nikakuta kwamba 2024, 2023 na 2022 nazo zinagawanyika kwa jumla ya tarakimu zake. Miaka minne mfululizo! Kisha nikajaribu 2026, ikakataa. Je, ni bahati tu, au kuna sababu? Na mfululizo wa namna hiyo unaweza kufika wapi? (Karani, Mombasa)

JIBU: Umeona vizuri, na hesabu zako ni sahihi: 2022 ni 6 mara 337, 2023 ni 7 mara 289, 2024 ni 8 mara 253, na 2025 ni 9 mara 225. Sababu ipo, tena unaweza kuishika yote mkononi.

Tazama miaka ya muongo mmoja, kuanzia 2020 hadi 2029. Kila mwaka unapoongezeka kwa 1, jumla ya tarakimu nayo inaongezeka kwa 1, kwa sababu inayobadilika ni tarakimu ya mwisho peke yake. Kwa hiyo tofauti kati ya mwaka na jumla ya tarakimu zake haibadiliki katika muongo mzima. Kwa 2020 tofauti hiyo ni 2020 toa 4, yaani 2016. Kwa 2025 ni 2025 toa 9, yaani 2016 tena. Sasa, kama jumla ya tarakimu inaigawanya 2016 bila baki, basi inaugawanya na mwaka wenyewe, maana mwaka ni 2016 pamoja na jumla hiyo hiyo. Swali lote la muongo huo limekuwa swali moja: kati ya namba 4 hadi 13, ambazo ndizo jumla za tarakimu za miaka hiyo kumi, zipi ni vigawo vya 2016?

Na 2016 ni namba yenye vigawo vingi sana, kwa kuwa ni zao la 32, 9 na 7. Inagawanyika kwa 4, kwa 6, kwa 7, kwa 8, kwa 9 na kwa 12. Haigawanyiki kwa 5, 10, 11 wala 13. Basi miaka ya Harshad ya muongo huu ni 2020, 2022, 2023, 2024, 2025 na 2028. Mfululizo wako wa minne umetokana na 6, 7, 8 na 9 kufuatana zote zikiwa vigawo vya namba moja, na 2026 imekataa kwa sababu jumla yake ni 10, na 2016 haiishii kwa sifuri.

Linganisha na muongo ujao. Tofauti yake ni 2030 toa 5, yaani 2025, ambayo haina kigawo shufwa hata kimoja. Kati ya jumla 5 hadi 14 ni 5 na 9 peke yake zinazoigawanya, kwa hiyo tutapata 2030 na 2034 na basi. Miaka ya uhuru wetu nayo nimeijaribu kwa njia hii. Muongo wa 1960 una tofauti ya 1944, na jumla za tarakimu zake zinaanzia 16 hadi 25. Vigawo vya 1944 vilivyo humo ni 18 na 24, kwa hiyo 1961 ya Tanganyika na 1963 ya Kenya zimekosa, ila 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda, Rwanda na Burundi, ni 18 mara 109.

Kuhusu mfululizo kufika wapi, kizuizi cha kwanza ni witiri na shufwa. Namba witiri haiwezi kugawanyika kwa namba shufwa. Pale tofauti yetu inapokuwa witiri, kama ilivyo kwa muongo wa 2030, kila mwaka witiri una jumla shufwa, na miaka yote mitano ya witiri inaanguka. Unapovuka kutoka kumi moja kwenda linalofuata, tofauti inaongezeka kwa 9, kwa hiyo inageuka kutoka shufwa kuwa witiri, au kinyume chake. Haigeuki unapovuka mia, kwa mfano kutoka 99 kwenda 100, ambapo inaongezeka kwa 18 na kubaki ilivyokuwa. Hapo ndipo makumi mawili mazuri yanaweza kusimama bega kwa bega, na hapo tu ndipo mfululizo mrefu unaweza kutumainiwa. Mwaka 1993 wanahisabati Curtis Cooper na Robert Kennedy walithibitisha kwamba mfululizo hauwezi kufika namba 21, na wakaonyesha namna ya kuunda mifululizo ya namba 20 isiyo na kikomo, ingawa namba walizozipata zina mabilioni ya tarakimu na hakuna karatasi itakayozitosha. Ukiacha namba za mwanzo kabisa, 1 hadi 10, mfululizo wa kwanza wa namba nne ni 510, 511, 512 na 513. Ukifika hapo tua kidogo kwenye 512: jumla ya tarakimu zake ni 8, na 8 mara 8 mara 8 ni 512.

Nimeona katika barua yako kwamba unadhani namba hizi zinazidi kuwa nyingi kadiri unavyopanda. Ni kinyume. Hadi 100 zipo 33, yaani theluthi moja. Hadi 1,000 zipo 213. Hadi 10,000 zipo 1,538. Idadi inaongezeka bila kikomo, lakini sehemu yake kati ya namba zote inapungua na itaendelea kupungua.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu chenye wanachama 25. Siku ya kufunga hesabu za mwezi daftari lilionyesha shilingi 36,000 zaidi ya fedha zilizokuwa sandukuni. Watatu wenye funguo walikuwapo na kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Mzee mmoja aliyekuwa mhasibu zamani akaniambia, "Gawanya hizo thelathini na sita elfu kwa tisa, kisha utafute." Kosa nililipata baada ya dakika chache, lakini mzee hakunieleza kwa nini tisa. (Mama wa kikoba, Morogoro)

JIBU: Mama, pole kwa macho ya siku ile, na mshukuru mzee huyo, kwa kuwa amekupa chombo ambacho wahasibu walikitumia miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia ofisini.

Ukiandika 84,500 mahali pa 48,500, tarakimu zimebadilishana nafasi lakini ni zile zile, na jumla yake ni 17 kwa namba zote mbili. Tumeona kwenye jibu la mwanafunzi kwamba kila namba inabakisha kwa tisa sawasawa na jumla ya tarakimu zake. Namba mbili zenye jumla moja zinabakisha baki moja, na ukitoa moja kutoka nyingine baki hilo linakufa, kwa hiyo tofauti lazima iwe kigawe cha 9. Hapa 84,500 toa 48,500 ni 36,000. Kama upungufu wako ungekuwa 35,000, ungejua mara moja kwamba kosa si la kubadilisha nafasi za tarakimu mahali pamoja, na ungetafuta kwingine: malipo yasiyoandikwa, au fedha zilizotolewa bila kupita daftarini.

Lakini mzee hakukuambia uangalie tu kama inagawanyika. Amekuambia ugawanye, na jibu lenyewe linasema mengi. 36,000 kwa 9 ni 4,000. Hiyo 4 ni tofauti kati ya tarakimu mbili zilizobadilishana, na sifuri tatu zinakuonyesha kwamba ndogo ya nafasi hizo mbili ni ya maelfu. Kwa hiyo unatafuta mstari ambao tarakimu ya makumi elfu inazidi ya maelfu kwa 4: 51,000 iliyopaswa kuwa 15,000, au 62,000 iliyopaswa kuwa 26,000, au 73,000, au 84,000, au 95,000, pamoja na mia zozote zinazofuata. Katika daftari la watu 25 mistari ya namna hiyo haitazidi michache. Yapo na makosa ya aina nyingine yanayoacha alama hiyo hiyo, nayo ni kuongeza sifuri. Ukiandika 40,000 mahali pa 4,000 umeandika mara kumi, na mara kumi toa mara moja ni mara tisa. Hapo 36,000 kwa 9 inakupa moja kwa moja fedha halisi, 4,000. Ningekuwa mimi ningeanza na mstari wa 40,000 kabla ya mingine yote.

Tahadhari moja uichukue kwa uzito, kwa kuwa katika kikoba jambo hili linaweza kumgusa mtu heshima yake. Kigawe cha 9 si ushahidi kwamba kosa ni la kalamu. Kati ya tofauti tisa zinazotokea kwa sababu yoyote ile, moja kwa wastani itakuwa kigawe cha 9 kwa nasibu tu, na mtu aliyeondoka na 36,000 naye ataacha pengo linalogawanyika kwa tisa. Hesabu inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Mpaka uuone mstari wenyewe na stakabadhi yake, hujapata kosa.

SWALI: Hapa kwetu Harshad ni jina la mtu, nimesoma na kijana wa Kihindi aliyeitwa hivyo. Je, namba hizi zimeitwa kwa jina la aliyezigundua? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Hapana. Jina hilo limetungwa kutoka Kisanskriti, ambako harsha ni furaha na da ni kutoa, kwa hiyo maana yake ni mtoa furaha, na ndiyo maana hiyo hiyo wazazi wa rafiki yako waliyoikusudia. Aliyezipa namba jina hilo ni D. R. Kaprekar, aliyezaliwa mwaka 1905 huko Dahanu, magharibi mwa India, na kufa mwaka 1986. Wengine huziita namba za Niven, kwa sababu mwanahisabati Ivan Niven alizitaja katika mhadhara wake wa mwaka 1977 na wasikilizaji wakaanza kuzichunguza.

Kaprekar ananigusa mimi kuliko wakubwa wengi wa hisabati. Hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Devlali, karibu na Nashik, kuanzia mwaka 1930 hadi 1962, na kazi zake nyingi alizichapisha katika majarida madogo ambayo wataalamu hawakuyajali. Alijulikana ulimwenguni alipokuwa na miaka 70, pale Martin Gardner alipoandika habari zake mwaka 1975 katika safu yake ya michezo ya hisabati nchini Marekani.

Wazo lake lingine kuhusu jumla ya tarakimu napenda ulijaribu kwa kalamu. Chukua namba yoyote uiongezee jumla ya tarakimu zake: 15 inazaa 21, kwa kuwa 15 jumlisha 6 ni 21, 21 inazaa 24, 24 inazaa 30. Sasa uliza kinyume: kila namba ina mzazi? Tafuta mzazi wa 20. Namba 9 inazaa 18, 10 inazaa 11, 11 inazaa 13, 12 inazaa 15, 13 inazaa 17, 14 inazaa 19, na 15 imeshaivuka, inazaa 21. Namba 20 haina mzazi. Wenzake katika mia ya kwanza ni 1, 3, 5, 7, 9, kisha 31, 42, 53, 64, 75, 86 na 97. Kaprekar aliziita namba za Devlali, kwa jina la mji aliokuwa akifundisha.

SWALI: Gari nililolinunua limepewa nambari yenye 666 na ndugu zangu hawataki kulipanda. Mjukuu wangu anasema kihisabati 666 ni namba ya ajabu kweli. Mwalimu, ni ya ajabu au si ya ajabu? (Mstaafu, Kisumu)

JIBU: Mzee wangu, hofu ya ndugu zako inatoka katika Kitabu cha Ufunuo, sura ya 13, mstari wa 18, na mambo ya imani nawaachia viongozi wa dini. Nitajibu lile la mjukuu.

Mjukuu ana haki kwa kiasi. 666 ni ya Harshad, kwa kuwa 6 + 6 + 6 ni 18, na 18 mara 37 ni 666. Ina na sifa ya pili. Ukiivunja katika vigawo vyake tasa unapata 2, 3, 3 na 37. Jumlisha tarakimu za vigawo hivyo: 2 + 3 + 3 + 3 + 7 ni 18, sawa kabisa na jumla ya tarakimu za namba yenyewe. Namba zisizo tasa zenye sifa hiyo huitwa namba za Smith. Jina hilo lilitolewa mwaka 1982 na Albert Wilansky, wa Chuo Kikuu cha Lehigh huko Marekani, aliyeiona sifa hiyo katika nambari ya simu ya shemeji yake, ambaye ndiye aliyekuwa Smith. Lakini 666 haiko peke yake: 4, 22, 27, 58, 85, 94 na 121 nazo ni za Smith, na imethibitishwa kwamba hazina mwisho.

Sasa naomba unisikilize hapa kwa makini. Sifa hizi mbili si za idadi, ni za mwandiko. Sisi tunaandika kwa kumi kumi. Watu ambao wangehesabu kwa nane nane wangekuwa na idadi ile ile ya mawe chini, lakini wangeiandika 1232, yaani mara moja 512, mara mbili 64, mara tatu 8, na 2. Jumla ya tarakimu kwao ni 8, na idadi hiyo ya mawe haigawanyiki kwa 8. Kwao namba yako si ya Harshad, na zile tarakimu tatu za kutisha hazionekani popote. Linganisha na sifa hii nyingine: ukijumlisha 1, 2, 3 na kuendelea hadi 36 unapata 666. Hiyo haitegemei mwandiko. Panga mawe hayo kwa safu za moja, mbili, tatu hadi thelathini na sita, nayo yataunda pembetatu hata mbele ya mtu asiyejua kuandika tarakimu yoyote.

Namba zinazobaki kuwa za Harshad katika kila mfumo wa kuhesabu, uwe wa mbili mbili, tano tano au wa namna nyingine yoyote, ni nne tu: 1, 2, 4 na 6. Namba 12 inakosa nafasi hiyo kwa mfumo mmoja, nao ni huo wa nane, ambapo huandikwa 14 na jumla yake inakuwa 5.

SWALI: Ninauza simu zilizotumika. Nikiingiza ile nambari ya IMEI ya tarakimu 15 nikakosea hata tarakimu moja, programu inakataa hapo hapo, hata kabla intaneti haijaunganika. Inajuaje? (Mfanyabiashara, Nairobi)

JIBU: Inajua kwa sababu tarakimu ya mwisho si sehemu ya utambulisho wa simu, ni mlinzi wa zile 14 zilizotangulia, na imekokotolewa kwa jumla ya tarakimu. Njia hiyo ni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960, na ndiyo inayolinda pia nambari za kadi za benki.

Jumla ya kawaida isingetosha, kama yule mama wa Morogoro alivyoona, kwa sababu tarakimu zikibadilishana nafasi jumla haibadiliki. Luhn aliondoa udhaifu huo kwa kuzipa nafasi uzito tofauti. Unaanza kulia, ukiiacha tarakimu ya mwisho ilivyo, ya pili unaizidisha kwa 2, ya tatu unaiacha, ya nne unaizidisha kwa 2, na kuendelea. Zao likizidi 9 unajumlisha tarakimu zake mbili. Mwisho jumla yote lazima iishie kwa sifuri. Chukua namba fupi, 42713. Kutoka kulia: 3 inabaki 3, 1 inakuwa 2, 7 inabaki 7, 2 inakuwa 4, 4 inabaki 4, na jumla ni 20, kwa hiyo inakubaliwa. Mtu akiandika 42173 kwa haraka, 7 inaingia nafasi ya kuzidishwa, inakuwa 14, yaani 5. Jumla inakuwa 3 + 5 + 1 + 4 + 4, ambayo ni 17, na namba inakataliwa.

Kosa la tarakimu moja linanaswa daima. Kubadilishana kwa tarakimu mbili zilizo jirani kunanaswa isipokuwa kwa 0 na 9, kwa sababu 9 ikizidishwa kwa 2 inakuwa 18, na 1 + 8 inarudi kuwa 9, nayo 0 inabaki 0, kwa hiyo mahali pa 09 na 90 mlinzi haoni tofauti. Ukibonyeza *#06# kwenye simu yoyote iliyo mezani kwako utaipata IMEI yake, na unaweza kuikagua mwenyewe kwa kalamu.

SWALI: Nimejaribu namba zinazopatikana kwa kuzidisha 1 × 2 × 3 na kuendelea. Hadi 20 zote ni za Harshad. Naweza kuthibitisha kwamba zote ni hivyo? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

JIBU: Ndugu yangu, ulichokiona ni kweli hadi 20, na kingeendelea kuwa kweli hata ungejaribu hadi 100, 200 au 400. Sababu yake unaweza kuiona sasa. Kuanzia 6, zao hilo linagawanyika kwa 9, kwa hiyo jumla ya tarakimu zake nayo ni kigawe cha 9. Chukua zao la 1 hadi 10, ambalo ni 3,628,800: jumla ni 27, yaani 9 mara 3. Baada ya kuondoa ile 9 kinachobaki huwa ni namba ndogo, na namba ndogo vigawo vyake tasa vimo tayari ndani ya zao, kwa kuwa umezidisha kila kitu kuanzia 1. Ili jambo liharibike, jumla ya tarakimu inabidi iwe na kigawo tasa kinachozidi namba ya mwisho uliyozidisha, na hilo linachelewa sana kutokea.

Linatokea kwa mara ya kwanza kwenye zao la 1 hadi 432. Namba hiyo ina tarakimu 953, kati yake 106 za mwisho ni sifuri tupu, na jumla ya tarakimu zake ni 3,897, yaani 9 mara 433. Na 433 ni namba tasa, ambayo haimo kati ya zile ulizozidisha kwa sababu uliishia moja kabla yake.